Kukodi gari-nyumba la mtu binafsi Marekani: mambo ya kumaliza kabla hujapewa ufunguo

Gari tuliloendea Grand Canyon halikuwa letu wala la kampuni. Ni la mzee mmoja mstaafu anayeishi pembezoni mwa Dallas. Yeye na mkewe hulitumia wiki tatu hivi kwa mwaka. Wiki zilizobaki limeegeshwa uani linanyeshewa tu, ndipo akaamua kulikodisha. Wamarekani huyaita magari haya RV, nasi tunaoishi huku tumezoea kusema hivyohivyo, ila humu nitaliita gari-nyumba, kwa sababu ndivyo lilivyo: mbele usukani, nyuma vitanda, jiko, friji, choo na bafu.

Nimekodi kwa watu binafsi mara tatu. Mara ya kwanza nililizwa, ya pili nikaponea chupuchupu, ya tatu ndiyo nikafurahi. Kampuni kubwa ina utaratibu mmoja kwa wateja wote, umeandikwa, na kuna kijana wa kaunta aliyeurudia mara elfu. Mtu binafsi utaratibu wake uko kichwani. Kazi yako ni kuutoa kichwani mwake, uuweke kwenye karatasi na kwenye video, kabla hajakukabidhi ufunguo. Ukishaondoka, kila ambacho hakikusemwa kitakuwa mzigo wako.

Kwanza pa kulala, gari baadaye

Wengi huanza kwa kutazama picha za magari. Anza na mahali utakapoegesha usiku. Kambi za ndani ya mbuga za taifa hujaa mapema. Nyingi huwekewa nafasi kupitia Recreation.gov miezi 6 kabla, na za majira ya joto huwahiwa kama tiketi za basi wakati wa sikukuu. Tena kambi ndiyo itakayokupangia ukubwa wa gari. Pale Grand Canyon, upande wa kusini, kambi ya Mather haipokei gari lenye urefu wa zaidi ya futi 30, na haina umeme wala bomba la maji la kuunganisha kwenye gari. Jirani yake, Trailer Village, ina vyote hivyo kwa bei ya juu zaidi. Ukitamani Glacier kule Montana, ujue kwamba barabara yake maarufu ya Going-to-the-Sun hairuhusu gari la zaidi ya futi 21 kwenye kipande cha milimani, kwa hiyo karibu kila gari-nyumba la familia huishia chini.

Mwenye gari hatakuambia hayo. Si kwamba anakuficha; yeye huenda zake ziwani kuvua samaki, mbugani hajafika.

Vitanda si viti

Magari haya yako ya makundi matatu. Kundi A ni basi zima, la kifahari, na sikushauri uanze nalo. Kundi B ni van iliyotengenezwa ndani, nzuri kwa watu wawili wanaopendana sana. Kundi C ndilo la familia: kichwa cha mbele ni cha gari la kawaida, mara nyingi Ford E-450, na juu ya dereva pana kitanda kilichochomoza kama paji la uso. Kwa Texas, leseni ya kawaida ya gari dogo inaruhusu gari la hadi pauni 26,000. E-450 uzito wake wa juu ni pauni 14,500, kwa hiyo leseni haina tatizo. Umri ndio huwa tatizo: wenye magari wengi hutaka dereva awe na miaka 25 au zaidi.

Sasa mtego. Tangazo litasema gari linalaza watu 8. Uliza lina mikanda mingapi ya kiti. Kulala watu 8 na kusafiri watu 8 ni mambo mawili tofauti. Nimeona gari la vitanda 8 lenye mikanda 5. Kama una mtoto wa kiti cha gari, uliza zaidi: kiti cha mezani kinachotazama mbele ndicho kinachofaa, kile cha pembeni kinachotazama dirisha hakifai kufungiwa kiti cha mtoto hata kama kina mkanda. Mwambie mwenye gari akupigie picha ya viti vyenyewe. Akikujibu kwamba watu wote huwa wanakaa tu popote, shukuru, aga, tafuta mwingine.

Kumpata mwenye gari

Mitandao miwili inayojulikana zaidi kwa kazi hii Marekani ni RVshare na Outdoorsy. Mwenye gari huweka tangazo, wewe unalipa kupitia mtandao, mtandao unachukua kamisheni, na pamoja na hiyo unapata bima ya safari na msaada wa barabarani. Kuna watakaokushawishi muikimbie kamisheni: "Nitumie moja kwa moja kwa Zelle, nikupunguzie dola 200." Zelle ni huduma ya kutumiana pesa kutoka benki hadi benki kwa simu. Usikubali. Pesa ya Zelle ikishakwenda imekwenda, na bima ya mtandao haipo tena. Matapeli wengine huiba picha za gari la mtu mwingine, wakaweka bei ya kutupa, halafu wanadai amana haraka kwa sababu eti kuna mteja mwingine anasubiri. Mimi huomba jambo moja dogo: simu ya video, mtu asimame mbele ya gari na kuniwashia taa. Mwenye gari halisi ataona ni kichekesho na atatoka nje na kandambili zake kuwasha taa. Tapeli atakuwa na msiba, au simu yake kamera imeharibika.

Kwenye simu hiyohiyo msikilize anavyozungumza. Mtu mzuri wa kukodi kwake ni yule anayeuliza maswali: mnakwenda wapi, mko wangapi, umewahi kuendesha gari refu? Yule mzee wa Dallas alinihoji kana kwamba nimekwenda kuposa binti yake. Niliudhika kidogo. Baadaye nikaelewa kwamba gari analihesabu kama sehemu ya nyumba yake, na mtu wa namna hiyo hubadilisha mafuta ya injini kwa wakati.

Bima: sehemu ya kuchosha, usiiruke

Bima ya kawaida ya mwenye gari, mara nyingi, hailipi ajali iliyotokea gari likiwa limekodishwa kwa pesa. Na bima yako wewe ya gari dogo si lazima ikufuate kwenye gari-nyumba la kukodi. Mpigie wakala wako, umuulize, na umwombe jibu kwa barua pepe. Kama safari imepitia kwenye mtandao, soma kiwango cha bima unachokilipia: kuna kiasi utakachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na kwa kawaida ndicho kinachotoka kwenye amana.

Kila atakayeshika usukani lazima jina lake liwemo na liwe limekubaliwa. Shemeji yangu alitaka kunisaidia saa mbili tu jangwani. Nikamwambia, shemeji, hizo saa mbili zikiingia mchanga zitakula mshahara wa mwaka. Akanuna mpaka Albuquerque.

Halafu soma visivyolipwa. Karibu kila mara utakuta turubai la pembeni, lile linalokunjuka kama kipaa cha kibandani, limetengwa au limewekewa masharti. Pia matairi, paa lililogongwa na tawi au daraja, na uharibifu wa ndani. Maana yake ni kwamba vile vinavyoharibika zaidi ndivyo visivyolipiwa.

Piga hesabu yote, si bei ya usiku

Bei ya usiku ni chambo. Hii hapa hesabu yetu ya siku 7, kutoka Dallas hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon na kurudi, kama maili 2,100.

Gari lilikuwa dola 175 kwa usiku, mara 7, sawa na 1,225. Mzee alitoa maili 100 bure kila siku, yaani 700; zilizozidi ni 1,400, kila maili senti 35, hapo 490. Mafuta: gari la Kundi C hula galoni moja kwa maili 8 hadi 12, nasi tulipata 9. Hizo ni galoni 233, kwa dola 3.20 zikawa karibu 750. Bima 280. Maandalizi na usafi 125. Kamisheni ya mtandao 120. Kambi, usiku 6 kwa wastani wa dola 60, ni 360. Jumla 3,350, bila chakula, na bila amana ya dola 1,000 iliyokaa imefungiwa kwenye kadi hadi tuliporudi.

Anayekuambia gari-nyumba ni rahisi kuliko hoteli hajapiga hesabu. Vyumba viwili vya moteli na gari letu dogo vingetugharimu pungufu ya dola 2,000. Sisi tulikwenda na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua na hawezi kukaa saa moja bila kutafuta choo. Kwake yeye, choo kilicho hatua tatu kutoka kwenye kiti kilistahili kila dola. Kama huna sababu ya aina hiyo, fikiria tena.

Kuna na gharama zinazojificha kwenye mstari wa chini wa mkataba: saa za jenereta (wengi hutoa saa 4 kwa siku, zinazozidi dola 3 hadi 5 kila saa), faini ya kurudisha tanki la choo bila kulimwaga, faini ya harufu, faini ya kuchelewa. Zitajie zote kwa mwenye gari, moja moja, na umwombe akuandikie kwamba hakuna nyingine.

Saa ya kukabidhiwa

Hapa ndipo nilipolizwa mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa.

Nenda asubuhi, jua likiwa juu, bila watoto. Omba saa nzima na nusu. Watu wengi hufika saa kumi na moja jioni, mizigo tele, watoto wanalia, mwenye gari naye ana haraka. Maelezo yanakuwa ya dakika kumi na mnaondoka. Washa kamera ya simu usiizime, na useme kwa sauti unachokiona: "Bampa ya nyuma, kulia, mkwaruzo wa kiganja kimoja." Mwenye gari mwaminifu atakuongezea ambayo hukuyaona.

Anza na matairi. Ubavuni, mwisho wa herufi za DOT, kuna tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya magari haya huzeeka kwa kukaa kuliko kwa kutembea. Kashata zake zinaweza kuwa nzima kabisa huku ubavu umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Likizidi miaka 6 au 7, mimi huwa sitaki kwenda nalo jangwani Julai. Angalia yote, hasa yale ya ndani kwenye pea za nyuma, ambayo hakuna anayeinama kuyaangalia.

Panda ngazi uone paa, au mwombe akupigie picha. Kisha ingia ndani na unuse kabla hajafungua madirisha. Harufu ya ukungu ina maana maji yanaingia mahali. Bonyeza kwa kidole gumba pembe za madirisha, na kuta za kitanda cha juu ya dereva. Palipo laini pameoza. Tembea sakafuni polepole bila viatu, usikie panapobonyea. Rekodi yote hayo, maana usiporekodi yatahesabiwa kuwa yako.

Fungua maji ya moto uyasubiri. Washa kiyoyozi, washa hita, washa kila jiko. Bonyeza kitufe cha kujaribu kengele ya moshi, ya gesi, na ya hewa ya kaboni monoksaidi. Zipo kengele zenye tarehe ya mwisho nyuma yake, isome.

Sasa choo. Ukutani kuna kidude chenye taa ndogo kinachoonyesha tanki limejaa kiasi gani. Usikiamini, vipimo hivi hudanganya karibu kwenye kila gari kwa sababu karatasi hunata kwenye vihisi. Kanyaga kitufe cha kuflashi kifunguke, umulike kwa tochi. Katika kodi yangu ya kwanza taa ilionyesha robo tatu, mwenye gari akasema, "Ah, hiyo imeharibika tu, tupu kabisa." Nikamwamini. Haikuwa imeharibika. Nilisafiri maili 400 na mali ya mteja aliyenitangulia, na niliporudi nikatozwa dola 150 za kumwagiwa. Video sikuwa nayo.

Mwisho, mbadilishane nafasi. Mwambie: "Sasa mzee wangu, kaa, mimi nikuonyeshe wewe." Unganisha umeme, washa friji kwa gesi, kunjua na ukunje turubai, toa na uingize ukuta wa kusukuma (ule unaotokeza nje kupanua chumba) kama upo, huku yeye anatazama. Utakapokosea ndipo somo lilipo. Kisha pigeni picha ya mita ya maili, ya kipimo cha mafuta na ya saa za jenereta, na umtumie yeye picha hizohizo palepale ili zibaki kwenye mazungumzo yenu.

Umeme, gesi na friji kwa ufupi

Kambini utakuta nguzo yenye soketi. Gari la wastani lina plagi ya ampia 30, yaani wati 3,600 hivi kwa jumla. Kiyoyozi kinakula karibu 1,500, maikrowevu vilevile, na birika la umeme vilevile. Ukiwasha vitatu kwa pamoja gari linazimika lote, na utatafuta kisanduku cha swichi gizani. Tulipanga zamu: chai kwanza, kiyoyozi baadaye. Uliza kama kuna kifaa cha kuzuia umeme mkubwa, na kama kuna adapta za soketi nyingine. Ukikosa adapta usiku saa tatu, hakuna duka.

Gesi ifungwe unapojaza mafuta. Baadhi ya mahandaki ya barabara, zile njia zinazopita chini ya ardhi au maji, nayo hayakubali mitungi mikubwa ya gesi, yale ya Baltimore yakiwa mfano, kwa hiyo angalia njia yako. Jenereta usilale nalo likiunguruma. Na hili nawaambia watu wetu kwa sababu nimeliona kwa macho: jiko la mkaa haliingii ndani ya gari hata mvua ikinyesha, hata likiwa limebaki majivu tu. Nyama ichomwe nje, na mkaa ulale nje.

Friji nyingi za magari haya hazina kompresa kama ya nyumbani. Huchukua nusu siku kupoa, na hutaka gari liwe limesimama sawasawa, si kwa mteremko. Mwombe mwenye gari aiwashe usiku wa kuamkia safari, na vyakula viingie vikiwa vya baridi tayari.

Kumwaga

Lipo tanki la maji safi, lipo la maji ya sinki na bafu ambalo huitwa la kijivu, na lipo la choo, ambalo huitwa jeusi. Mengine utayazoea. Hili la tatu wengi huliogopa mpaka linafurika.

Utaratibu ni huu. Vaa glavu, na mikono isiguse kitu kingine mpaka umalize. Bandika mpira mnene kwenye tundu la gari, zungusha mpaka ung'ate. Upande wa pili uingie kwenye shimo la kituo cha kumwagia, na uwekee kitu kizito, jiwe hata kopo la rangi. Vuta koki ya tanki jeusi kwanza. Utasikia mpira unatetemeka na kugonga, kisha unatulia. Funga. Ndipo uvute ile ya kijivu, maji ya sabuni yakapite na kuusafisha mpira. Funga, fungua upande wa gari kwanza, inua mpira uchuruzike, suuza. Ukianza na kijivu, utabaki na mpira mchafu mikononi na huna cha kuusafishia.

Koki ya tanki jeusi isiachwe wazi hata kama umeunganishwa kambini siku nzima. Maji yatatoroka na yaliyo magumu yatabaki, yakauke yawe kichuguu. Iache ijae theluthi mbili, ndipo umwage, ili uzito wa maji uyasukume yote. Tumia karatasi nyepesi inayoyeyuka, na maji mengi kila mtu akitoka. Kwa wale wanaotumia kopo badala ya karatasi, habari njema: tanki lenu litamwagika vizuri kuliko la Mzungu yeyote kambini, ila tanki la maji safi litaisha mapema, kwa hiyo lijazeni kila kituo.

Mara ya kwanza mimi na shemeji tulisimama mbele ya tundu lile kama watu waliotumwa kuzika nyoka. Yeye akashika mwongozo, mimi nikashika mpira. "Shemeji, inasema vuta nyeusi." Nikavuta. "Umeweka jiwe?" Sikuwa nimeweka jiwe. Tulitumia nusu saa na ndoo mbili za maji kusafisha sakafu ya kituo, na jamaa aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni akazima injini, akafungua kiti chake cha kukunja, akakaa kutazama.

Barabarani

Andika kimo cha gari kwenye kipande cha plasta, ukibandike juu ya dashibodi, kwa futi na inchi, kikihesabiwa kutoka chini mpaka juu ya kiyoyozi cha paani. Kundi C huwa kati ya futi 11 na 12. Ramani ya simu haijui unaendesha nini. Kuna daraja la reli mjini Durham, North Carolina, lililokuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8, ambalo lilichuna mapaa ya malori mengi ya kukodi mpaka likapewa jina la kifungua kopo. Mwaka 2019 waliliinua kwa inchi 8, na bado magari yakaendelea kuligonga. Madereva wote wale walikuwa na kibao cha onyo mbele yao.

Adui mwingine ni mkia. Nyuma ya matairi ya nyuma kuna futi nyingi za gari, na unapokata kona kushoto mkia unajitupa kulia. Vituo vya mafuta vina nguzo za njano karibu na pampu; zile nguzo zina rangi za magari mengi. Ingia ukiwa umeshaona utakavyotoka. Kurudi nyuma, mtu ashuke asimame unapomwona kwenye kioo cha pembeni. Akipotea kiooni, simama.

Nyanda za kaskazini mwa Texas na New Mexico kwenye barabara ya 40 zina upepo wa ubavuni unaolisukuma gari kama mlango. Tulikwenda maili 60 kwa saa, malori yakatupita, na hatukufa. Turubai hukunjwa kila mnapoondoka kambini na kila mnapolala, hata kama anga ni shwari kabisa. Upepo wa dakika mbili unatosha kulipindua juu ya paa, na tumeshaona bima inasemaje.

Harufu na kurudisha

Kwenye mkataba wa watu binafsi kuna kifungu cha harufu, kimeandikwa kwa ajili ya sigara na mbwa, lakini dagaa nao wataingia humo. Kuta za gari ni nyembamba, mapazia yako sentimita chache kutoka jikoni, godoro liko hatua mbili. Kaanga samaki nje, kwenye jiko dogo la gesi chini ya turubai. Ndani tulichemsha chai, wali na maharage, na mchuzi ulipikwa nyumbani, ukagandishwa, ukaja umefungwa kwenye makopo.

Rudisha gari saa moja kabla ya muda. Pitia kituo cha kumwaga, jaza mafuta na gesi kufikia kiwango kilekile cha picha, fagia, futa friji na uache mlango wake wazi. Kitu kikivunjika safarini, usisubiri siku ya mwisho. Piga picha siku hiyohiyo na umtumie. Sisi tulivunja kishikizo cha kabati siku ya tatu. Mzee akajibu, "Kile kila mtu hukivunja," na hapo ikaisha. Mkishakagua pamoja, mwombe aandike ujumbe mfupi kwamba amelipokea gari salama, ndipo mpeane mkono.

Kitakachobaki ni ushuru wa barabara. Texas kuna barabara nyingi za kulipia ambazo hazina mtu wa kupokea pesa. Kamera husoma namba ya gari na bili hufika kwa posta baada ya wiki kadhaa, nyumbani kwa mwenye gari. Yetu ilikuwa dola 14. Mzee alinitumia picha yake, nikamlipa siku ileile. Akashukuru, halafu akauliza ile harufu nzuri iliyogoma kutoka kwenye droo ya vijiko ni ya nini, mkewe anataka kujua inanunuliwa wapi. Ilikuwa iliki iliyomwagika.